Ushindi uliokuja baada ya mkataba

SWALI: Nimesoma kwamba Jenerali Andrew Jackson aliwashinda Waingereza huko New Orleans wakati mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa saini. Kama ni hivyo, ushindi huo ulikuwa na maana gani, na uliwezaje kumfikisha kwenye urais wa Marekani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni kweli kwamba mkataba wa kumaliza Vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza, ulitiwa saini mjini Ghent, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Desemba 1814, na mapigano makubwa yakafanyika tarehe 8 Januari 1815. Lakini mkataba wenyewe ulisema kuwa vita vingekoma pande zote mbili zikisha kuuridhia, na Seneti ya Marekani iliuridhia katikati ya Februari tu. Asubuhi ile vita vilikuwa bado halali, na habari za Ghent zilikuwa zingali baharini.

Jackson alijificha na watu wake nyuma ya boma la udongo, lililonyooshwa kutoka ukingo wa Mto Mississippi hadi kwenye kinamasi, akawaacha Waingereza wamjie uwandani. Walipoteza watu wapatao 2,000, waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa, akiwemo jemadari wao, Pakenham. Tukumbuke pia kwamba Jackson alikuwa na kisasi cha tangu ujana: mwaka 1781, katika vita vya uhuru wa Marekani, akiwa mateka mwenye umri wa miaka 14, ofisa wa Kiingereza alimkata kwa upanga kwa sababu alikataa kumsafishia buti.

Siasa hakuianzia hapo, kwani alikwisha kuwa mbunge, seneta na jaji wa Tennessee. New Orleans ndiyo iliyomfanya ajulikane nchi nzima. Mwaka 1824 aliongoza kwa kura 99 za wajumbe wa uchaguzi, lakini kwa kuwa hakufikia nusu, Baraza la Wawakilishi lilimchagua John Quincy Adams, na wafuasi wa Jackson wakapiga kelele kwamba wameporwa. Miaka minne baadaye alishinda bila ubishi. (Ni katika urais wake, mwaka 1833, Marekani ilipofunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Zanzibar, na biashara hiyo ndiyo iliyotuzoesha kitambaa cha merikani.)

Hata hivyo, kwa maoni yangu, vita vinavyomweleza Jackson vizuri zaidi si vya New Orleans, bali vile vya Horseshoe Bend, huko Alabama, vya tarehe 27 Machi 1814. Siku hiyo wapiganaji wapatao 800 wa Kicreek, kabila la wenyeji wa asili, waliuawa, na miongoni mwa waliomsaidia Jackson walikuwemo Wacherokee, kabila jingine la wenyeji, ambao waliogelea mto nyuma ya ngome na kuiba mitumbwi ya adui. Katika mapatano yaliyofuata aliwanyang'anya Wacreek ekari zipatazo milioni 23, bila kuwabagua wale waliopigana upande wake. Alipokuwa rais, aliisaini sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamishia wenyeji wa asili magharibi ya Mississippi. Na mwaka 1838, yeye akiwa amekwisha kustaafu, wanajeshi waliwatoa Wacherokee majumbani mwao kwa nguvu, na maelfu yao wakafa kambini na njiani.