Vitendo uneni: mnaniletea sentensi tupu, aliyeisema yuko wapi?

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya vitendo uneni, yaani yale mambo tunayoyafanya kwa kusema: kuomba, kuonya, kuahidi, kuoa, kuacha. Nimechagua machache. Waliotuma maswali ya asaimenti yakiwa na maksi zake pembeni nimewaona na sitawajibu.

Aina za vitendo uneni ni tatu au tano? Notsi zangu zinasema tatu, za rafiki yangu tano. (Mwanafunzi, Mtwara mjini)

Jamani, hili swali linarudi kila mara. Zote ziko sawa ila zinahesabu vitu tofauti. Tatu ni ngazi za tendo lilelile moja, na hizo ni za J. L. Austin, Mwingereza aliyezieleza kwenye mihadhara yake Harvard mwaka 1955, kitabu kikatoka 1962 yeye akiwa ameshafariki. Uko soko la samaki la feri umeshika samaki changu, dada uliyeenda naye anakunong'oneza "hao wa jana hao". Kutamka maneno ndo ngazi ya kwanza, kwa kuyatamka amekuonya, hiyo ya pili, we ukamrudisha samaki chini, hiyo ya tatu, na hiyo ya tatu haiko mikononi mwake maana ungeweza kumpuuza ukanunua. Tano ni makundi ya John Searle wa Marekani, ya miaka ya 1970, na yanagawa ile ngazi ya pili tu: kueleza kwamba jambo liko hivi, kumtaka mwenzio afanye, kujifunga wewe mwenyewe kufanya, kutoa ya moyoni, na kutangaza jambo likawa kwa sababu umelitangaza. Usiweke tatu na tano kwenye kapu moja.

"Una chenji?" ni swali au ombi?

Nani kasema, kwa nani, wapi? Sentensi tupu haina jibu. Konda wa daladala ya Mikindani akikuuliza hivyo we umemnyooshea elfu kumi, anakutaka utoe hela ndogo, ukimjibu "ndiyo ninayo" afu ukakaa kimya atakuona humheshimu. Jirani wa duka akichungulia dirishani akakuuliza hivyohivyo, anaomba. Mama yako akikuuliza unatoka kwenda sokoni, huenda anataka kujua tu kama umejiandaa. Umbo la swali ni lilelile na matendo ni matatu. Naomba mnaotuma maswali muandike na mazingira yake, nishasema sana hili.

Mkutano wa mnada wa korosho, kiongozi wa chama chetu kasema "bei imepita" kabla hajatuuliza. Tukapiga kelele, karudia tena, watu wakanyamaza. Kwa hiyo imepita? (Mkulima, Tandahimba)

Mzee wangu, swali lako ndo zuri kuliko yote. "Bei imepita" ni tangazo, na tangazo halifanyi kazi kwa sauti kubwa, linafanya kazi kwa masharti. Austin aliyataja: uwepo utaratibu unaotambulika, asemaye awe ndiye mwenye kustahili kusema, utaratibu ufuatwe wote bila kuruka. Hapo penu mwenye kukubali bei ni mkulima, kiongozi kazi yake ni kutangaza kile mlichokubali. Akitangaza kabla hamjaulizwa katamka tu, hajapitisha kitu. Na kunyamaza baada ya kuchoka kupiga kelele sio kuridhia, labda kama utaratibu wenu unasema kimya ni ndiyo, na sidhani kama kuna mkulima aliyekubali utaratibu wa hivyo. Simameni muombe muhtasari usomwe pale pale, kabla watu hawajatawanyika.

Na hukuniuliza ila ntasema. Kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kienyeji nje ya mfumo rasmi, imepigwa marufuku na bado ipo, kwa sababu inaanzia kwenye maneno yanayoonekana mepesi. Mikorosho ndo kwanza inachanua, huna hela ya kupulizia, anakuja kijana mpole anakuachia laki, anasema "mzee si utanikumbuka msimu ukifika?" Linasikika kama salamu. We unajibu "usijali kijana wangu". Hapo umeshajifunga, msimu ukifika anakuja na bakuli lake na anakudai korosho kwa bei anayoitaka yeye, afu ukikataa unaonekana umevunja ahadi. Mtu akikwambia "si utanikumbuka", muulize nikukumbuke kwa kilo ngapi na kwa bei gani, uone kama atabaki mpole.

Shikamoo iko kundi gani?

La kutoa ya moyoni, unaonesha heshima. Na wewe mkubwa unayesalimiwa na watoto unaitikia kwa kichwa, itikia marahaba kwa mdomo.

Mume wangu alikasirika akanitumia meseji "nimekuacha", asubuhi anasema zilikuwa hasira tu. Nimeachika au sijaachika? (Dada, Masasi)

Pole sana dada. Ndoa yenyewe ilifungwa kwa maneno, walii kasema nimekuozesha, bwana harusi kaitikia nimekubali, na kabla ya maneno hayo mlikuwa watu wawili tu mnaopendana. Ndo maana neno la kuacha nalo ni zito, aliyelituma hawezi kulichukulia kama kelele za ugomvi. Ila ujue una mambo mawili hapo. Kidini, hukumu ya meseji ya hasira aitoe shehe anayejua fikihi, mpelekee ikiwa kama ilivyo, usiifute, usisimulie kwa kukumbuka. Kiserikali, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa inavunjwa na mahakama, shauri linapita kwanza bodi ya usuluhishi, na talaka ya Kiislamu inayotamkwa baada ya bodi kushindwa kuwapatanisha ndo mahakama inaichukua kuwa ndoa imeharibika. Kwa hiyo asikutoe nyumbani leo kwa kukuonesha simu, na usikubali kusaini karatasi ya kugawana vitu ukiwa unalia.

Na nyie wanaume mnaotumia neno hilo kutishia, nasema kwa uchungu kabisa, mnacheza na kitu ambacho masharti yake yote yapo: mwenye uwezo wa kukitamka ni wewe, nia ni yako na mlengwa yupo. Kasirika, toka nje, nenda hata Shangani ukakae ufukweni upunge upepo. Usiandike.

Fundi cherehani kila nikienda "kesho inshallah". Hiyo ni ahadi? (Mama, Lindi)

Mama yangu, ahadi ina masharti: awe na uwezo wa kulifanya, awe amekusudia, na liwe jambo unalolitaka wewe. Fundi uwezo anao na gauni unalitaka, kinachokosekana ni kusudio. Suratul Kahf aya ya 23 na 24 inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kumtaja Mwenyezi Mungu, na hilo linamhusu mtu aliyekwisha kusudia kufanya. Anayelitaja jina la Mungu ili akuondoe mlangoni amefanya jambo baya na ningependa mafundi wote wasome hapa. Mkishaelewana muulize siku na saa, mbele ya mteja mwingine, na hela ya mwisho ibaki kwako mpaka ulijaribu.

Msiba wa babu, mtani kaingia kaburini akalala, akasema marehemu alikuwa bahili hatoki mpaka alipwe. Shemeji yetu mgeni akataka kumpiga. Lile sio tusi?

Sio tusi. Maneno ni ya tusi ila tendo ni la kufariji, na mtani ana haki ya kulifanya, nyie mnalijua hilo ndo maana mlicheka mkatoa hela. Shemeji hakuelezwa, kosa lenu, mgeni anaambiwa mapema nani mtani na atafanya nini. Ila haki hiyo ni ya mtani peke yake na ina mahali pake. Siku hizi mtu anamdhalilisha msichana ofisini au kwenye grupu la wasap, akibanwa anasema "utani tu". Utani gani na we sio mtani wake? Umemtukana.

"Samahani kama umekwazika" ni kuomba radhi?

Hapana. Anayeomba radhi anakiri alichofanya, huyo hajataja chochote alichofanya, kataja kukwazika kwako tu. Mwambie ataje.