Mechi isiyochezwa haihesabiki: kwa wadogo zangu mnaoanza ukocha Régional

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, niko kwenye treni naelekea kazini, simu ikalia. Kijana wetu mmoja, mwaka wake wa kwanza kwenye benchi la Régional 2, ligi ya mkoa hapa Ufaransa, sauti imemkauka. "Kaka, shikamoo. Hivi mechi iliyoahirishwa si inahesabika kwenye adhabu ya kadi?"

Nikajua yote kabla hajamaliza. Nikamuuliza, umeshamchezesha mwenye adhabu? Kimya. Halafu akasema, "Dakika tisini zote, kaka."

Huyu ni wa nne ndani ya misimu mitatu. Wanne, wote vijana wa kwetu, wa Bujumbura, wa Bukavu, wa Ngazidja. Wana akili, wana moyo, kompyuta zao zimejaa video za kukaba kwa pamoja na kutoka na mpira nyuma. Na wote wanne wamejikwaa kwenye kisiki kilekile kilichoniangusha mimi. Nawapenda, lakini simu hizi za Jumatatu nimezichoka. Ndiyo maana naandika. Someni Ijumaa, msisubiri yawakute.

1. Leseni. Vyeti vya ukocha hupandwa kwa ngazi: BMF, kisha BEF, kisha DES, na omba nafasi ya kozi mapema kwa sababu hujaa. Msidanganyike kwamba matokeo mazuri yatawaombea. Pale Reims msimu wa 2022-23 Will Still alikaa miezi bila kupoteza mechi ya ligi, na bado klabu ilikuwa inatozwa euro 25,000 kila mechi kwa sababu kocha hakuwa na BEPF, cheti cha juu cha ukocha wa kulipwa. Reims waliweza kulipa. Klabu yako inauza soseji wakati wa mapumziko ili inunue mipira.

2. Wenye leseni ya mutation, yaani waliohamia kutoka klabu nyingine: sita tu kwenye karatasi ya mechi, na kati yao wasizidi wawili waliohama nje ya kipindi cha kawaida cha uhamisho. Hesabu kwa vidole kabla hujamkabidhi mwamuzi tableti. Imetosha hapo.

3. Daftari la kadi. Hapa kaeni chini.

Kanuni mnaijua kwa kuisikia, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Njano tatu ndani ya miezi mitatu, mchezaji anakosa mechi moja. Adhabu inaanza Jumatatu saa sita usiku baada ya kamati ya nidhamu kukaa. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Sehemu inayosahaulika ni kwamba adhabu inatumikiwa kwenye mechi iliyochezwa kweli, na iliyochezwa na timu ileile unayotaka arudi kuichezea. Akikaa nje timu ya akiba ikicheza, ametumikia kwa timu ya akiba. Timu ya kwanza bado inamdai.

Ulikuwa msimu wangu wa tatu kama kocha mkuu, klabu ndogo ya Normandie, Régional 1. Tulikuwa tunanusa National 3, daraja la juu yake. Beki wangu wa kati alikuwa mwokaji mikate: anaanza kazi saa nane usiku, anamaliza asubuhi, analala mchana, jioni yuko mazoezini na unga kwenye nyusi. Mtu wa aina hiyo unamjengea timu. Mwishoni mwa Novemba akapata njano ya tatu kwa kumvuta mtu jezi katikati ya uwanja, faulo isiyo na kichwa wala miguu. Kamati ikakaa, mechi moja.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Ijumaa alasiri meya akatoa arrêté, amri ya maandishi, uwanja ukafungwa, mechi ya Jumapili ikaahirishwa. Timu ya akiba ilikuwa ugenini, wao wakacheza. Beki wangu akapumzika nyumbani kwake. Na mimi Jumapili usiku, kwenye meza ya jikoni, nikafungua daftari, nikatafuta jina lake, nikaweka alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Alama hiyo ninayo hadi leo, daftari sijalitupa. Pembeni nimeandika: "amekaa nje, tayari".

Ijumaa iliyofuata, katibu wetu alinifuata kwenye stoo ya mipira. Mzee mstaafu wa reli, miaka ishirini na sita anaitumikia klabu bila kulipwa senti, fomu zote za leseni zilipita mikononi mwake. Akaniuliza, "Huyu wa mikate amemaliza adhabu?" Nilikuwa nahesabu koni. Nikamjibu bila kugeuka, "Amemaliza." Akasimama kidogo. Akauliza tena, "Una hakika? Maana hatukucheza." Nikamwambia, "Mzee, hili niachie mimi."

Hili niachie mimi. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa vyumbani.

Tulishinda 2-0. La pili alifunga yeye, kichwa, kona ya dakika ya sabini. Upande wa pili, mama mmoja wa benchi lao alikuwa na bahasha na penseli, anaandika. Nilimwona, nikadhani anaandika wafungaji. Jumanne barua pepe yao ilikuwa ligi. Wengine wanafikiri ukivuka mechi bila wapinzani kuweka pingamizi kwenye karatasi umepona. Kwa mchezaji mwenye adhabu hujapona: kamati ina uwezo wa kulifufua suala lenyewe baadaye, na jina kuandikwa tu kwenye karatasi linatosha, hata asipoingia uwanjani. Hukumu ikaja: tumepoteza mezani. Pointi zetu tatu zimefutwa, moja imekatwa juu yake, wapinzani wamepewa ushindi, na beki akaongezewa mechi nyingine.

Pointi nne zimeondoka. Mwezi wa tano tulimaliza wa pili, nyuma ya vinara kwa pointi tatu. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nimeshaipiga mara nyingi.

Lakini hilo silo kosa ninalotaka kuwasimulia. Kukosea kanuni ni kukosea kanuni. Kosa langu lilikuwa Alhamisi, siku barua ilipofika. Wachezaji wamekaa, viatu vina tope, hakuna anayeongea. Rais wa klabu amesimama ukutani. Wote wananitazama mimi. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Ofisi haikunipa taarifa sahihi."

Yule mzee alikuwa mlangoni, ameshika kreti ya chupa za maji. Alizijaza yeye kila Alhamisi. Hakusema neno. Aliiweka kreti chini taratibu, chupa moja ikalala, akaisimamisha, akatoka. Kijana mmoja wa pembeni akatikisa kichwa kana kwamba anamsikitikia mzee kwa uzembe wake. Ningeweza kumwita pale pale. Nilikuwa na sekunde kama tano hivi. Nikaendelea na mazoezi ya mipira ya kutenga.

Mwezi wa sita hakurudisha fomu yake ya leseni ya uongozi. Miaka yake ishirini na sita iliishia hapo. Watu walisema amechoka, umri. Mimi nilijua, na yeye alijua, na kwa miaka miwili nilikuwa nikipita barabara nyingine nisikatize mbele ya nyumba yake.

Nilipokwenda hatimaye nilimkuta uani anakata matawi ya mpea. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kwa Kifaransa kilichokuwa kinanikatika. Akaniacha nimalize. Akasema, "Ningefurahi wangesikia wale vijana." Wale vijana walikuwa wameshatawanyika, nusu wamehama, wengine wameacha mpira. Akanipa kahawa. Tulizungumza kuhusu mpea. Niliwatafuta niliowaweza, mmoja mmoja kwa simu, nikawaambia. Wa mikate alinijibu, "Kocha, sisi tulijua tangu siku ile. Tulikuwa tunasubiri useme."

Basi. Endeleeni.

4. Funguo. Uwe na nakala yako ya funguo za stoo, taa na vyumba, na umjue kwa jina mfanyakazi wa manispaa anayetunza nyasi. Atakupigia simu Alhamisi kukuambia kama uwanja utafungwa, wakati wenzako wanasubiri barua ya Ijumaa.

5. Hadithi ya Renard. Kila kijana anayeanza ananisimulia mimi habari za kocha Mfaransa Hervé Renard kana kwamba sijazisikia: alikuwa anafagia majengo, leo ana mataji mawili ya Afrika. Ni kweli. Aliendesha kampuni ya usafi, anaamka usiku wa manane, na jioni anafundisha SC Draguignan. Lakini mnaruka kutoka ufagio mpaka fainali ya Libreville, tarehe 12 Februari 2012, Zambia inaishinda Côte d'Ivoire kwa penalti 8-7. Katikati ya hapo mmeacha nini? Mmeacha China alikokwenda kama msaidizi wa Claude Le Roy. Mmeacha Cambridge United mwaka 2004, klabu ya daraja la nne Uingereza, na Vietnam baada yake. Mmeacha Cherbourg, kuanzia 2005, National, yaani daraja la tatu Ufaransa, upepo wa bahari na baridi ya kukata masikio. Kisha akarudi kuwa msaidizi tena, Ghana, akiwa tayari ameshakuwa kocha mkuu! Ni wangapi kati yenu wangekubali kurudi kubeba koni za mtu mwingine? Na hata baada ya Kombe la Afrika, Ufaransa haikumpokea kwa mikono miwili: Sochaux alishuka nayo daraja 2014, Lille wakamwondoa Novemba 2015 baada ya miezi michache tu. Mwaka huohuo wa 2015 alikuwa ametoka kulichukua kombe na Côte d'Ivoire.

Mashabiki wa Simba na Rayon Sports wanamkumbuka Didier Gomes da Rosa, na Wakenya wanamkumbuka Sébastien Migné aliyewapeleka Misri 2019. Wafaransa hawa mnaowaona wakishuka ndege kwetu wakiwa wamevaa miwani ya jua wana miaka nyuma yao ya viwanja ambavyo televisheni haifiki. Njia hiyo ipo. Ni ndefu, na ina kurudi nyuma kwingi.

Na kama unataka mfano wa mtu aliyekaa klabu moja kwa miongo, soma habari za Guy Roux. Alishika Auxerre mwaka 1961 akiwa na miaka 22, timu iko ligi ya mkoa. Ilipanda daraja la kwanza mwaka 1980. Miaka kumi na tisa! Ubingwa wa Ufaransa ukaja 1996, pamoja na Coupe de France, kombe la taifa. Nawe msimu wa pili unaniambia rais wa klabu hakuthamini.

6. Coupe de France ni tamu, lakini ina sumu yake. Ukipita raundi tatu, gazeti la mkoa linakuja, wachezaji wananyoa nywele, na unaanza kupumzisha watu kwenye ligi. Les Herbiers, mji mdogo wa Vendée, timu ya National, walifika fainali Stade de France tarehe 8 Mei 2018 dhidi ya PSG. Walifungwa 2-0 kwa heshima zote, nahodha wao akainua kombe pamoja na nahodha wa PSG. Wiki hiyohiyo wakashuka daraja. Nililia kwa ajili ya kocha wao Stéphane Masala ingawa sijawahi kukutana naye. Mechi yako ya ligi ya Jumatano usiku, ile ya kiporo, watu arobaini uwanjani na mbwa mmoja, ndiyo inayolinda kazi yako.

7. Usimseme mchezaji wa timu ya akiba kwamba "ameshushwa". Mwambie anacheza Jumamosi saa kumi na mbili jioni na utakuwepo. Kisha uwepo.

8. Daftari tena, maana najua mmeruka. Kurasa mbili kwa kila mchezaji anayepanda na kushuka kati ya timu mbili: ukurasa wa timu ya kwanza, ukurasa wa akiba. Tarehe ya kadi, tarehe ya kamati, Jumatatu adhabu inapoanza, na mstari wa mwisho unaojazwa baada ya filimbi ya mwisho tu, kamwe si baada ya barua ya meya. Tableti ya karatasi ya mechi isasishwe siku hiyohiyo mahali penye mtandao. Ukishamaliza, mpe katibu daftari alihakiki. Akikuuliza "una hakika?", geuka umtazame. Weka koni chini.

Huyu kijana wa Jumatatu anataka nimfundishe jinsi ya kuandika utetezi kwa kamati. Utetezi hauna uzito, pointi zimeshakwenda na anajua. Nimembana nikamuuliza jambo moja tu: wachezaji umewaambiaje? Akasema bado, mazoezi ni kesho, na kwamba kusema kweli katibu naye alipaswa kuona.

Nimeomba ruhusa bohari nitoke saa tisa. Kesho nitampitia kwenye kituo cha treni saa kumi na moja, mazoezi yanaanza saa moja. Kabla ya uwanjani tutapita kwanza nyumbani kwa katibu wake.