Jasho, pafyumu na nguo za mapokezi

Dada umesema unaanza kazi ya mapokezi wiki ijayo na kinachokutisha ni jasho kuliko nguo. Uko sahihi kuanzia hapo, maana mteja rangi ya blauzi ataisahau ila harufu thubutu.

Jasho lenyewe likitoka wala halinuki sana, ni bakteria wa kwenye ngozi ndo wanalivunjavunja mpaka linatoa ile harufu, kwa hiyo kupuliza pafyumu juu ya kwapa ambalo halijaoshwa unajitafutia harufu mbili. Nunua dawa ya kupaka kwapani, ile ya kuzuia jasho, yenye chumvi za alumini, sio ya kunukisha tu, paka usiku kwapa likiwa kavu kabisa ndo inafanya kazi vizuri, asubuhi unaoga kama kawaida. Nguo za poliesta zinang'ang'ania harufu hata ukizifua, bora pamba. Pafyumu puliza kidogo sana, pua yako inaizoea haraka unadhani imeisha kumbe mteja anakohoa (wapo hata wenye pumu jamani).

Viatu usivae jozi moja kila siku, viache vikauke. Kucha ziwe safi coz mteja ataziona tu ukimpa karatasi asaini. Nywele mtindo wowote ilimradi zisikufunike uso.

Halafu kabla hujamaliza hela kwenye masuti, muulize bosi wako utaratibu wa mavazi ukoje, ofisi nyingine wanakupa yunifomu siku ya kwanza tu.