Kufungwa msimu mzima si lazima kuwe kosa la kocha
Ndugu, umeuliza kama timu ya chuo inayofungwa msimu mzima ina kocha mbovu. Si lazima. Tazama Prairie View A&M ya Texas, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, ambacho kati ya 1989 na 1998 kilipoteza mechi 80 mfululizo za futiboli ya Kimarekani: mwaka 1991 timu ilicheza bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji, yaani bila kitu cha kuwavutia wachezaji bora, ikamaliza msimu imefungwa pointi 617 huku yenyewe ikipata 48 tu. Vijana wale hawakuacha kuingia uwanjani, nami nawaheshimu sana kwa hilo. Septemba 1998 waliishinda timu ya Chuo cha Langston 14 kwa 12 na kukatiza mfululizo huo, baada ya wapinzani kukosa pointi mbili za nyongeza ambazo zingesawazisha mchezo.