Barua kwa mwanangu: maziwa ya Mei 1986

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Oksana wa riwaya yako, mtoto wa Pripyat, mji wa jirani na kinu cha nyuklia cha Chernobyl huko Ukraine, aliyekuwa na miaka 8 kinu hicho kilipolipuka, anaweza kupata saratani ya tezi ya thairoidi akiwa na miaka 14 kutokana na maziwa anayokunywa akiwa na umri huo. Saratani yenyewe inawezekana kabisa. Ulichokosea ni maziwa.

Ayodini 131, ile ayodini yenye mionzi iliyotoka kinuni, hupungua nusu kila baada ya siku 8. Zikipita siku 80, haibaki hata sehemu moja ya elfu. Madhara yake mtafutie mwishoni mwa Aprili na Mei 1986: vumbi likatua kwenye majani, ng'ombe akala, mtoto akanywa, na tezi yake ndogo shingoni ikaifyonza. Pripyat ilihamishwa tarehe 27 Aprili saa 8 mchana, watu wakiambiwa ni kwa siku 3 tu. Wengi walipelekwa vijiji vya Poliske na Ivankiv, na Poliske yenyewe ilikuwa imechafuka. Hapo ndipo umweke bibi mkarimu na kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa.

Kidonge cha ayodini cha kuikinga tezi, kwa umri wake, ni miligramu 65 za iodidi ya potasiamu. Humezwa kabla ya hatari au ndani ya saa chache. Ukimpa baada ya wiki, umechelewa.

Mwaka 1992 cha kuogopwa ni sesiamu 137, mabaki mengine ya mionzi ya kinu, inayopungua nusu kwa miaka 30. Iko kwenye uyoga na matunda ya msituni, tena hukaa kwenye misuli, si kwenye tezi.

Akishatolewa tezi, kila asubuhi atameza levothairoksini, dawa inayoshika nafasi ya homoni ya tezi, kwa maji matupu, nusu saa kabla ya kula, maisha yake yote. Vidole vikimchonyota, kalsiamu imeshuka. Hutokea tezi ndogo za jirani zikiguswa wakati wa upasuaji.

Wanafunzi kukataa kukaa naye ni kweli tupu, ipe nafasi zaidi. Ila msimulizi asikubaliane nao: mtu aliyeoga na kubadili nguo hamwambukizi mwenzake mionzi. Ule mng'ao wa kijani uliompa mwilini ufute.

Saratani hii kwa watoto hutibika mara nyingi, hata ikishafika kwenye tezi za limfu. Sura yako ya mwisho inamuua Oksana. Naomba uiandike upya.

Mama yako