Kabla ya Kushuka Shimo la Dhahabu Kakamega

Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, watu walimiminika kutoka kila upande, na mpaka leo vijana wanatoka Kisumu na Nakuru kuja Ikolomani, huku huku Kakamega, kujaribu bahati. Wengi huja wakiogopa kufukiwa na udongo. Hofu hiyo ni ya haki, ila hewa na maji yanastahili kuogopwa vilevile.

Shimo likikaa usiku kucha bila mtu, hewa mbovu hujikusanya chini. Teremsha mshumaa unaowaka kwa kamba kabla ya mtu yeyote kushuka. Ukizimika, hakuna kushuka. Lakini usiutegemee peke yake, kwa sababu moshi wa injini ya petroli una sumu isiyo na harufu, nayo huua huku mshumaa ukiendelea kuwaka. Pampu ya kuvuta maji ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hautarudisha moshi ndani. Kuishusha chini kwa kuwa mpira haufiki ni kujiua. Mwenzako akianguka ghafla huko chini, usimfuate. Hivyo ndivyo maiti moja inavyokuwa mbili au tatu. Kila anayeshuka afungwe kamba kifuani, watu wabaki juu tayari kumvuta.

Maji nayo hayabishi hodi. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952, na mapango ya zamani yaliyoachwa hujaa maji. Ukitoboa ukuta wa pango kama hilo, yanakuja yote kwa mpigo. Waulize wazee wa hapo zilikopita njia za zamani, na ukuta uliokuwa mkavu ukianza kutoa jasho, toka mara moja. Machi hadi Mei, mvua ikinyesha, pumzisha shimo. Kagua nguzo za mikaratusi kwa kuzigonga: iliyooza hutoa mlio mzito, wa uwazi.

Kibali cha mchimbaji mdogo kipo kwa Sheria ya Madini ya 2016. Kitafuteni kama kikundi.

Zebaki, ile ya kunasia dhahabu kisha ikachomwa ili dhahabu ibaki, ndiyo inayoniuma zaidi, maana hufika hadi kwa mtoto asiyejua shimo. Huchemka kwenye nyuzi 357, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Usiichomee jikoni wala kwenye sufuria ya chakula. Tumia chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, uwanjani, kina mama wajawazito na watoto wakiwa mbali.