Mtego kunasa madume tu si kasoro

Ndugu yangu wa Muheza, unasema mtego wako wa viwavijeshi vamizi unanasa nondo (wazazi wa viwavi hao) madume tu, na mahindi bado yanaliwa. Mtego ni mzima. Kivutio kilichomo kinaiga feromoni ya jike, yaani harufu anayotoa kumwita dume, sasa jike mwenzake afuate nini pale?

Jike naye hatoi harufu ovyo. Kwa nondo wengi, seli za neva kwenye fundo lililo chini ya umio, kichwani, hutengeneza homoni iitwayo PBAN. Wakati wake ukifika, kwa kawaida usiku, homoni humwagwa kwenye damu, husafiri hadi ncha ya tumbo na kukiamsha kitezi cha feromoni. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliichambua kutoka kwa nondo wa huko, ndugu wa funza wetu wa vitumba: ina asidi amino (vijenzi vya protini) 33 tu! Jike akishapandwa na dume, harufu hupungua sana. Kwa baadhi ya spishi taarifa kwamba amepandwa hupanda hadi kichwani kupitia uzi wa neva wa tumboni. Hapo anabaki na kazi ya kutaga, na hilo ndilo linalokuumiza.

Kwa hiyo mtego uchukulie kama mpelelezi, usiutegemee kama dawa. Madume wakiongezeka, ingia shambani asubuhi, fungua moyo wa mhindi utafute kinyesi kibichi kama unga wa mbao. Ukipiga dawa, piga jioni, viwavi wakiwa wadogo. Kivutio badilisha kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, na usikishike kwa mikono mitupu.